Kupata dira kwa nyota ukiwa Goma: mwongozo kamili wa kusoma anga la usiku

Mtu wa Goma hafundishwi kaskazini shuleni. Kuna Nyiragongo, kuna ziwa: ukiuelekea mlima, ziwa liko mgongoni, na mambo yamekwisha. Shida ni kwamba mlima haukai upande mmoja wewe unapohama. Ukiwa katikati ya mji, kilele kiko karibu ngumi moja ya mkono ulionyooshwa, kulia kwa kaskazini halisi. Ukifika Mugunga kimeshasogea hadi kaskazini-mashariki, na anayeendelea kukifanya kaskazini yake atakwenda upogo huku akijiamini. Nyota nazo hufunikwa na mawingu, sikatai, lakini zikitoka hazibadiliki hivyo. Msalaba wa Kusini, lile kundi la nyota nne, unaoonekana Mugunga ndio ule wa Birere, wa Idjwi na wa Bukavu, na kila mahali unaonyesha upande uleule.

Kwa sababu hiyo napenda mtu aanzie hapahapa mjini, mahali anapojua jibu kabla ya kuuliza swali. Kila kundi la nyota utakalojifunza, lipime kwa mlima na ziwa. Likikubaliana navyo mara kadhaa, utaweza kuliamini mahali pasipo na mlima wala ziwa.

Jambo moja zaidi kabla hatujatoka nje. Maelezo mengi ya nyota yanayosomwa huku yameandikwa na watu wa Ulaya, na karibu yote huanza na nyota ya kaskazini. Yaweke kando. Goma iko takriban nyuzi 1.7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho wetu usiku na mchana. Hata ile mbinu ya kuunganisha pembe za mwezi mwandamo haifai hapa, kwa kuwa mwezi wetu mara nyingi hulala chali. Lakini tumepewa kitu ambacho wao hawana: nyota kwetu huchomoza wima, hupanda moja kwa moja na kushuka moja kwa moja. Nitalirudia hilo, maana ndilo linalofanya anga la Goma kuwa jepesi kulisoma.

Mahali pa kukaa, na mahali pa kukwepa

Paa la zege likiwepo, ndipo mahali bora. Kama halipo, kaa ndani ya lupango lako, yaani kiwanja cha nyumba, upande usio na taa ya jirani. Umeme ukikatika mtaa mzima usinung'unike usiku huo, toka nje. Macho huhitaji karibu dakika 20 gizani ndipo yaone nyota hafifu, na kutazama simu mara moja tu kunakurudisha mwanzo. Ukihitaji mwanga, funika tochi kwa kitambaa chekundu na umulike chini. Mwanga unaochezacheza juu ya paa usiku, katika mji kama huu, unaweza kukuletea maswali usiyoyataka.

Usilale kwenye shimo wala bonde la mawe ya volkano, hata kama linakukinga na upepo na taa. Wenyeji wanaijua mazuku. Ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutuama mabondeni, na huzidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo wala jua la kuitawanya. Huenda usiinuse wala usiione. Imewaua watu, mbuzi na kuku upande wa magharibi wa mji kuelekea Bulengo na Lac Vert. Mtu anayetazama nyota hulala chali na kutulia kwa muda mrefu, yaani anafanya kilekile ambacho hakifai kufanywa kwenye mazuku. Basi kaa palipoinuka, na uketi kwenye kiti kuliko kujilaza chini.

Dira ya simu? Itumie kwa tahadhari. Mawe meusi ya volkano yana madini ya chuma yanayoweza kuvuta sindano, hasa ukiisogeza karibu na ukuta au rundo la mawe hayo. Kuna kona za mji ambapo naiamini nyota kuliko simu.

Mkono ni rula

Nyosha mkono wote mbele yako, funga jicho moja. Upana wa ngumi ni takriban nyuzi 10. Vidole vitatu vya katikati vikishikamana ni nyuzi 5. Kiganja kilichotanuliwa, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho, ni kati ya 20 na 25. Mtoto ana mkono mdogo, lakini ni mfupi pia, kwa hiyo vipimo vyake havitofautiani sana na vyako. Kutoka upeo wa macho hadi utosini ni nyuzi 90, yaani ngumi tisa. Zihesabu ukipanda ngumi juu ya ngumi. Zikikujia nane au kumi, rekebisha hesabu yako tangu sasa.

Hatua ya kwanza: nyota yoyote, bila jina

Huhitaji kujua nyota hata moja ili upate mashariki. Chagua nyota inayong'aa iliyo chini kiasi, ngumi mbili au tatu juu ya upeo. Ipange sambamba na kitu kisichotikisika, kama ncha ya paa au nguzo ya waya, kisha ukae usisogeze kichwa. Baada ya dakika 15 itakuwa imesogea karibu upana wa vidole viwili.

Ikiwa imepanda wima, unatazama mashariki. Ikiwa imeshuka wima, ni magharibi. Ikiwa imekwenda kulia kwa upinde, kama mshale wa saa unavyozunguka, umeelekea kusini. Ikiwa imekwenda kushoto, umeelekea kaskazini. Nyota ikipanda huku inavutwa kulia, uko kati ya mashariki na kusini. Mengine utayatafuta mwenyewe kwa mantiki hiyohiyo.

Fanya zoezi hili kwanza, hata kama linaonekana la kitoto. Anayelifahamu vizuri hatapotea hata siku mawingu yatakapomwachia tundu dogo lenye nyota mbili asizozijua.

Hatua ya pili: Msalaba juu ya ziwa

Msalaba wa Kusini ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Urefu wake wote ni nyuzi 6, zaidi kidogo ya vidole vitatu. Wengi huutafuta kwa ukubwa wa kanisa, wakaishia kushika msalaba mwingine ulio mkubwa zaidi na hafifu zaidi, ambao wataalamu huuita Msalaba wa Uongo. Huo hutangulia kuchomoza kwa karibu saa tatu na nusu, na umewapoteza wengi.

Ili usidanganyike, anza na walinzi wake. Ni nyota mbili zinazong'aa sana, zikiwa karibu vidole vitatu kutoka moja hadi nyingine, ambazo huufuata Msalaba kutoka mashariki. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ina rangi ya manjano kidogo. Hiyo ni Alpha Centauri, jirani yetu wa karibu kati ya nyota zote zinazoonekana kwa macho ukiacha Jua, na nuru yake hutumia miaka 4 na zaidi kutufikia. Unganisha walinzi hao wawili, endelea mbele, utaugonga Msalaba. Msalaba usio na walinzi, achana nao. Pia tafuta doa jeusi ubavuni mwake, mahali ambapo nyota zimepungua ghafla: ni wingu la vumbi la angani, na huonekana vizuri usiku usio na mwezi.

Sasa dira yenyewe. Chukua mstari mrefu wa Msalaba, kutoka nyota ya kichwani, iliyo na wekundu kidogo, hadi ile ya miguuni ambayo ndiyo inayong'aa kuliko zote nne. Uendeleze kupita miguuni mara nne na nusu ya urefu wake, karibu ngumi tatu kasoro kidogo. Pale mstari unapoishia ndiyo ncha ya kusini ya anga, mahali ambapo nyota zote za kusini hupazunguka. Kwa mtu wa Goma ncha hiyo iko nyuzi 1.7 tu juu ya upeo, kwa maneno mengine iko palepale maji ya ziwa yanapokutana na anga. Hapo ndipo kusini.

Kosa la kawaida ni kushusha mstari wima kutoka kwenye Msalaba bila kujali umeinamaje. Hilo ni sahihi pale tu unaposimama wima. Unapochomoza kusini-mashariki huwa umelala ubavu, kichwa kushoto na miguu kulia. Unapozama kusini-magharibi umelala upande wa pili, miguu kushoto. Fuata miguu daima, hata ikikupeleka pembeni. Na hutauona ukiwa kichwa chini ukiwa Goma, kwa kuwa wakati huo uko chini ya upeo.

Katikati ya Mei husimama wima kabla kidogo ya saa tatu usiku. Mwezi mmoja nyuma ongeza saa mbili, mwezi mmoja mbele punguza saa mbili: katikati ya Aprili ni karibu saa tano usiku, katikati ya Juni ni giza linapoanza kuingia. Agosti utaukuta ukielekea kuzama.

Angalizo kwa wanaotazama kutoka ufukweni: usiku usio na mwezi wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo kama dagaa, hutoka na taa zao, na taa zilizo mbali ziwani hukaa kwenye upeo kama nyota. Nyota iliyo chini sana juu ya maji iache ipande kwanza ndipo uiamini.

Hatua ya tatu: geuka uangalie mlima

Usiku huohuo wa Mei, ukishaupata Msalaba, geuka nyuma. Juu ya upande wa Nyiragongo utaona nyota saba za Dubu Mkubwa, zimekaa kama sufuria lenye mpini lililopinduliwa, mdomo ukitazama chini na mpini ukielekea kulia. Nyota mbili za ukingo wa kushoto, ule ulio mbali na mpini, ndizo viashiria. Ziunganishe kutoka ya juu kwenda ya chini, endeleza mara tano. Mstari utashuka hadi nyuma ya milima na kuishia chini kidogo ya upeo, palipojificha ile nyota ya kaskazini ya Wazungu. Haituhusu kuiona. Pale mstari unapokata upeo ndiyo kaskazini, na ukiwa mjini utaona kwamba kilele cha Nyiragongo kiko kulia kwa mstari huo, kama nilivyosema mwanzoni.

Mei na mwanzo wa Juni ndiyo darasa bora la mwaka. Dubu na Msalaba huwa wima kwa wakati mmoja, kila mmoja karibu ngumi tatu juu ya upeo wake. Mtu wa Paris hauoni Msalaba kabisa, na mtu wa Cape Town hawezi kumwona Dubu mzima. Sisi tunasimama katikati na kuvuta mstari kutoka mmoja hadi mwingine. Kiangazi kikishakolea, moshi wa mashamba na vumbi huzima nyota za chini, na Dubu ndiye huumia kwanza.

Hatua ya nne: Jabari, mashariki na magharibi

Kuanzia Desemba hadi Aprili mwenye anga ni Jabari, ambaye vitabu vya Kifaransa humwita Orion. Humkosi: nyota tatu zilizopangana mstari mmoja, karibu sawa kwa mwanga, ndizo mkanda wake. Wafaransa wengine huziita Wafalme Watatu, yaani Mamajusi. Upande mmoja wa mkanda kuna nyota kubwa nyekundu, Betelgeuse. Upande wa pili nyota kubwa nyeupe, Rigel.

Faida yake kubwa ni kwamba mkanda uko karibu juu ya Ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya Ikweta ya dunia. Nyota yake ya kwanza kuchomoza hutoka mashariki kamili na kuzama magharibi kamili, na hivyo ndivyo ilivyo karibu kila mahali duniani. Lakini huko kwingine, ikishachomoza tu huanza kuhama kwenda kusini au kaskazini. Kwetu hupanda wima. Saa mbili, tatu baada ya kuchomoza bado iko mashariki, hadi inapokaribia utosini. Huko juu haina tena msaada, kwani kila upande unakuwa upande wake.

Jabari akiwa utosini, mtumie kwa namna nyingine. Chini ya mkanda kuna safu fupi ya nyota hafifu inayoitwa upanga. Upande wa pili, kati ya mabega, kuna kundi dogo ambalo ni kichwa. Mstari wa upanga kwenda kichwani unaelekea kaskazini kabisa. Ukishindwa kuviona vyote viwili kwa sababu ya taa, shika hili: nyekundu iko upande wa volkano, nyeupe iko upande wa ziwa. Halibadiliki, awe anachomoza, yuko juu au anazama.

Mkanda pia ni njia ya kwenda kwingine. Ukiufuata kuelekea kusini-mashariki mwa Jabari unafika Shira, yaani Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Ukiufuata upande wa pili unapita nyota nyekundu ya Dabarani na kufika Kilimia, lile fungu dogo la nyota zilizosongamana. Watu wa pwani wana msemo wao: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nusu ya pili inatufaa hata sisi: hupotea jioni mwanzoni mwa Mei mvua zikiwa bado zipo, kikarudi alfajiri mwezi Juni ardhi imekauka.

Kuanzia Januari hadi Machi, kabla Msalaba haujatoka, kusini utaipata hivi: kutoka Shira tafuta nyota kubwa nyeupe iliyo kusini yake, zaidi kidogo ya ngumi tatu na nusu. Hiyo ni Suheli, ya pili kwa kung'aa. Endeleza mstari wa Shira na Suheli kwa urefu huohuo tena. Utakosea kama vidole vitatu, si zaidi.

Hatua ya tano: milango ya mashariki

Hapa Ikweta inalipa deni lake. Mabaharia wa majahazi walijua kwamba kila nyota huchomoza mahali pake palepale mwaka mzima, wakazitumia sehemu hizo kama alama za dira. Kwetu hesabu ni nyepesi kuliko popote: umbali wa nyota kutoka Ikweta ya anga ndio umbali wa mlango wake, yaani mahali inapochomozea, kutoka mashariki.

Simama ukitazama mashariki kamili. Mkanda wa Jabari hutoka mbele yako. Shira hutoka nyuzi 17 kulia, ngumi moja na vidole vitatu pamoja na kingine kimoja. Moyo wa Nge, ile nyota nyekundu ya Juni na Julai, hutoka nyuzi 26 kulia. Suheli hutoka nyuzi 53 kulia, ngumi tano na kitu. Kushoto, Simaki ya rangi ya machungwa hutoka nyuzi 19. Zinapozama magharibi, umbali ni uleule, ila kulia na kushoto hubadilishana: kilicho kusini kwako sasa kiko mkono wa kushoto.

Na vilima? Upande wa Rwanda huficha upeo, na Karisimbi imeziba kaskazini-mashariki. Kwingine hilo lingeharibu hesabu, sababu nyota ingekuwa imeshahama pembeni ndipo ijitokeze. Kwetu zile zinazotoka karibu na mashariki hupanda wima, hivyo hata zikichelewa nyuma ya kilima, hutokea juu ya mlango uleule. Suheli ndiyo ya kuitumia mapema, kwani kadiri nyota ilivyo mbali na mashariki ndivyo inavyokunja upinde.

Jihadhari na sayari. Zuhura na Mshtarii hung'aa kuliko Shira na hazimetimeti sana, lakini huhama kati ya nyota mwezi hadi mwezi. Ni nzuri kutazama, ila hazina mlango.

Septemba hadi Novemba

Miezi hii ni migumu: jioni hakuna Msalaba, hakuna Dubu, Jabari bado, na mvua zimerudi. Uzuri wake ni kwamba mvua ikikatika hewa huwa imeoshwa. Oktoba, saa tatu usiku, tafuta juu upande wa kaskazini mraba mkubwa wa nyota nne, wenye ubavu wa ngumi moja na nusu hivi na karibu mtupu katikati. Ni mraba wa Pegasus. Mbavu zake mbili huelekea kaskazini na kusini. Novemba, chini yake upande wa kaskazini, kuna nyota tano za Cassiopeia katika umbo la herufi M. Shusha mstari kutoka nyota ya kati M inaposimama sawasawa, utapata kaskazini.

Saa ya bure

Anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa, ngumi moja na nusu. Jabari hukaa juu ya upeo saa 12 kamili. Katikati ya Desemba huchomoza saa kumi na mbili jioni, hufika utosini saa sita usiku na kuzama alfajiri. Katikati ya Januari yuko utosini saa nne, Februari saa mbili. Akiwa ngumi tatu juu ya magharibi, zimebaki saa mbili azame. Kila usiku nyota hutangulia kwa dakika 4 hivi, na hizo dakika 4 ndizo zinazozaa zile saa mbili za kila mwezi.

Kushika njia

Kujua kusini ni kitu kimoja, kwenda kusini ni kingine. Ukishapata upande wako, usitembee kichwa kikiwa angani. Mawe ya volkano yatakufundisha adabu. Chagua nyota iliyo ngumi moja hadi tatu juu ya upeo katika upande uendako, kisha chini yake chagua alama ya ardhini: mti, mnara, taa. Nenda kwenye alama, ukifika tazama tena. Nyota za kusini na kaskazini zibadilishe kila baada ya dakika 15 au 20, kwa kuwa huhama pembeni. Ya mashariki au magharibi inaweza kukuongoza saa nzima, ilimradi haijapanda sana. Kwenye mtumbwi ni hivyohivyo, ila mkondo na upepo husukuma chombo bila nyota kukuambia, kwa hiyo linganisha pia na taa za pwani unazozijua.

Ukitoka Goma

Butembo iko karibu juu ya Ikweta yenyewe, na Bukavu haina tofauti utakayoihisi. Kisangani iko kaskazini kidogo ya Ikweta, hivyo ncha ya kusini imezama chini ya upeo. Fuata mstari wa Msalaba hadi unapokata upeo, kosa ni dogo. Lubumbashi ndiko mambo yanapobadilika. Huko ni nyuzi 11.7 kusini, kwa hiyo ncha ya kusini iko juu ya upeo kwa zaidi ya ngumi moja: ukishahesabu ile mara nne na nusu, shuka wima kutoka hapo hadi ardhini. Msalaba unapanda juu zaidi, karibu ngumi nne kwa nyota ya miguu. Dubu anashuka, na viashiria vyake viko karibu ngumi mbili tu juu ya upeo wa kaskazini. Jabari bado anachomoza mashariki kamili, ila akipanda huvutwa kushoto, kaskazini. Mtumie akiwa chini, ndani ya saa mbili za kwanza.